Haut-Katanga: Ekuteri za bei nafuu, mnunuzi wa Mitwaba achague nini?

Mtu anayetoka Mitwaba kuja Lubumbashi kununua bidhaa hana nafasi ya kukosea mara mbili. Kutoka huko hadi mji mkuu wa jimbo ni zaidi ya kilomita 400, na wakati wa mvua lori linaweza kukaa siku nyingi kwenye matope. Ekuteri iliyonunuliwa leo katika soko la komini ya Kenya ikikatika upande mmoja juma lijalo, hakuna atakayerudi nayo kwa muuzaji. Itatupwa, na pesa zimekwenda.

Kwa mkaaji wa Lubumbashi hasara hiyo ni ya franka elfu chache. Kwa kijana wa Mitwaba anayechimba kasiteriti au kulima mihogo, ni hasara ya pesa, ya muziki na pia ya habari, kama itakavyoonekana hapa chini. Ndiyo maana swali linaloonekana dogo, yaani ekuteri gani inunuliwe kwa pesa kidogo, linahitaji jibu la makini. Ukichunguza namna vifaa hivi vinavyotengenezwa na namna watu wanavyoishi katika jimbo hili, jibu linaelekea upande mmoja: kwa wengi, kifaa cha waya kilicho rahisi na kinachoweza kutengenezwa na fundi kina faida kuliko kile kisicho na waya chenye taa na jina kubwa.

Meza zimejaa, vizuri ni vichache

Katika masoko ya Lubumbashi, kuanzia soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila hadi meza za kando ya barabara, mnunuzi hukuta makundi matatu. Kundi la kwanza ni ekuteri za waya, zile ndogo za kutia ndani ya sikio. Kundi la pili ni kaske, zinazovaliwa kichwani na kufunika masikio. Kundi la tatu ni ekuteri zisizo na waya, zinazokaa ndani ya kijisanduku chao cha kuchajia na kuungana na simu kwa Bluetooth.

Nyingi ya bidhaa hizi zimetengenezwa China. Zinateremshwa katika bandari kama Dar es Salaam au Durban, kisha zinapanda kwa barabara hadi mpaka wa Kasumbalesa. Safari hiyo ndefu, ushuru, na dola inayopanda na kushuka mbele ya franka vyote huingia katika bei.

Tatizo kubwa ni majina ya uongo. Kampuni kama JBL, Sony, Samsung na Apple zinajulikana duniani, na kwa sababu hiyo ndizo zinazoigwa zaidi. AirPods za kweli za Apple hugharimu zaidi ya dola 100 huko zinakouzwa rasmi. Mtu akiuziwa kitu chenye jina hilo kwa bei ya sahani chache za bukari na samaki, ajue kwamba jina hilo limebandikwa tu. Hilo halimaanishi kwamba kifaa chenyewe hakitalia. Linamaanisha kwamba jina halimpi mnunuzi uhakika wowote, na hivyo asilipe hata franka moja ya ziada kwa ajili ya jina.

Kuna pia maandishi ya kwenye boksi. Karibu kila boksi linaandika kwamba kifaa kinatoa sauti kuanzia hezi 20 hadi hezi 20.000. Hicho ndicho kipimo cha usikivu wa sikio la binadamu mwenye afya, na kila mtengenezaji anaweza kukichapisha. Hakisemi lolote kuhusu uzuri wa sauti. Alama moja tu inafaa kusomwa, nayo ni ya omu. Kwa simu ya kawaida, kifaa chenye omu kati ya 16 na 32 kitalia vizuri bila kuhitaji mashine ya kuongeza nguvu. Kaske za studio zenye omu 250 zitalia kwa sauti ndogo mno kwenye simu, hata zikiwa nzuri namna gani.

Zinapokufa, zinafia wapi?

Fundi yeyote wa simu anajua jibu. Ekuteri ya waya mara nyingi haifi kwenye spika yake ndogo. Inafia kwenye waya, karibu na jeki au pale waya unapoingia katika kipande cha sikio. Ndani ya waya huo mna nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, na mwisho wake zimeunganishwa kwa kulehemu na bati. Mtu akizungusha waya kwenye simu kwa kuukaza, au akiuvuta ili kuchomoa jeki, nyuzi hukatika au bati huachia. Kisha upande mmoja unanyamaza.

Hapa mtu wa Katanga ana haki ya kutabasamu kwa uchungu. Shaba inatoka katika ardhi ya jimbo hili na ya Lualaba. Bati linatokana na kasiteriti, jiwe ambalo wachimbaji wa mikono wa Mitwaba na wa Manono jirani wanalijua kwa uzito wake kiganjani. Madini yanaondoka kwa tani na kurudi kwa gramu, na katika ekuteri za bei ya chini kabisa hata gramu hizo zimebaniwa: nyuzi chache, bati kidogo, mpira laini mno wa kulinda waya.

Kwa hiyo mnunuzi aanze kuangalia waya kabla ya rangi. Waya mnene kidogo, au uliofunikwa kwa kitambaa, hudumu zaidi. Jeki iliyopinda kama herufi L huvumilia mfuko wa suruali kuliko ile iliyonyooka. Pale waya unapotoka kwenye jeki panatakiwa mpira mrefu unaojikunja, si mpira mfupi na mgumu unaolazimisha waya kuvunjika mahali pamoja. Kaske ambazo waya wake unachomoka ni bora zaidi, kwani waya ukifa unabadilishwa peke yake.

Na ikikatika bado kuna fundi. Jeki mpya ni kitu cha bei ndogo, na mwenye chuma cha kulehemu anaweza kukata sehemu mbovu na kuunganisha upya. Kazi yenyewe inahitaji mkono mtulivu, kwa maana nyuzi hizo mara nyingi zimepakwa rangi inayozuia umeme, na rangi hiyo lazima ichomwe kwanza ili bati lishike. Lakini inawezekana, hata mahali pasipo na duka la vifaa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu anayenunua ekuteri ya franka 3.000 kila mwezi kwa sababu ile ya zamani imekufa, kwa mwaka atakuwa ametumia franka 36.000. Aliyenunua moja ya franka 20.000 ikadumu mwaka mzima ametumia karibu nusu, na amesikia muziki mzuri zaidi siku zote hizo.

Zisizo na waya na hesabu ya betri

Vijana wengi wa mjini wanapenda zisizo na waya, na sababu zao zinaeleweka. Hakuna waya wa kukatika, na mtu anaweza kufanya kazi huku simu iko mbali. Tena simu nyingi mpya za bei kubwa hazina tundu la jeki. Apple iliondoa tundu hilo mwaka 2016 kwa iPhone 7, na wengine wakafuata. Lakini simu nyingi za bei nafuu ambazo watu wa hapa wanatumia, za Itel, Tecno na Infinix, bado zinalo.

Udhaifu wa zisizo na waya ni betri. Kila kipande cha sikio kina betri ndogo sana, na kijisanduku kina nyingine. Betri za lithiamu huchoka polepole kila zinapochajiwa. Baada ya miaka miwili au mitatu ya matumizi ya kila siku, ekuteri iliyokuwa inalia saa nne hulia mbili, na kwa kawaida kifaa kimegundishwa kwa namna ambayo fundi hawezi kukifungua bila kukiharibu. Za bei ya chini kabisa hufika huko mapema zaidi. Mara nyingi kipande kimoja huzimika kabla ya mwenzake.

Kuna pia swali la umeme wenyewe. Lubumbashi inaishi na delestaji. Katika vijiji vingi vya Mitwaba watu huchaji simu kwa paneli ndogo za jua au kwa kulipa kwenye kibanda cha kuchajia. Nchini Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Kifaa kisicho na waya kinaongeza mdomo mwingine wa kulisha, wakati ekuteri ya waya haihitaji kuchajiwa hata siku moja.

Muuzaji anaweza kusema kwamba bei imepanda kwa sababu ya kobalti. Ni kweli kwamba Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilisimamisha kuuza nje madini hayo tarehe 22 Februari 2025, na tangu 16 Oktoba 2025 inatumia viwango: tani 18.125 kwa miezi ya mwisho ya mwaka huo, kisha tani 96.600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa 2027. Ni kweli pia kwamba betri ndogo za aina hii mara nyingi hutumia kobalti. Lakini hesabu haimsaidii muuzaji. Seti nzima ya ekuteri na kijisanduku chake hubeba gramu chache tu. Kilo moja ikiuzwa dola 50, gramu mbili ni senti 10. Siasa ya kobalti ni jambo kubwa kwa hazina ya serikali na kwa mchimbaji wa Kolwezi, lakini haiwezi kuwa sababu ya ekuteri kupanda bei kwa dola tano.

Waya ambao pia ni antena

Kuna faida moja ya waya ambayo mtu wa mjini anaisahau. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ya FM ndani, na redio hiyo hutumia waya wa ekuteri kama antena. Bila waya, simu huandika ujumbe wa kuomba ekuteri ichomekwe. Ekuteri za Bluetooth haziwezi kufanya kazi hiyo peke yake.

Kwa mwenye mega za intaneti, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu aliye mahali ambapo mtandao unakuja na kupotea, redio ndiyo habari. Na Mitwaba si mahali ambapo habari ni anasa. Eneo hilo, pamoja na Manono na Pweto, ndilo lililopewa jina la pembetatu ya kifo, na katika miaka ya 2012 na 2013 vikundi vyenye silaha vilichoma vijiji na raia wakakimbia kwa maelfu. Familia zilizopita katika hayo zinajua thamani ya kusikia mapema kwamba njia fulani imefungwa. Redio ya FM ya simu haitumii mega hata moja. Inahitaji betri kidogo na waya mzima, basi.

Kujaribu kabla ya kulipa

Kanuni ya kwanza sokoni ni kwamba pesa hazitoki mfukoni kabla ya sikio kusikia. Mnunuzi aje na simu yake na wimbo anaoujua vizuri uliohifadhiwa kwenye kadi ya memori, asitegemee wimbo wa muuzaji. Muuzaji huchagua wimbo wenye besi nzito unaoficha kasoro.

Katanga ina kipimo kizuri cha kienyeji. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana mwenye gitaa aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Wimbo wake «Masanga» ulizunguka Afrika nzima. Una gitaa moja tu, lakini kidole gumba kinatembeza besi huku kidole kingine kikichora sauti ya juu, mpaka msikilizaji anadhani wapigaji ni wawili. Kwenye ekuteri nzuri sauti hizo mbili husikika kila moja mahali pake. Kwenye mbaya, besi inameza kila kitu, au nyuzi za juu zinalia kama bati linalokwaruzwa.

Rekodi hiyo ya zamani ina faida nyingine: ni ya mono, yaani masikio yote mawili hupokea sauti ile ile. Mwanamuziki anatakiwa asikike katikati kabisa ya kichwa. Akisikika ameegemea kushoto au kulia, pande mbili za ekuteri hazilingani, na hapo ni heri kuomba nyingine.

Baada ya hapo ujaribiwe wimbo wa siku hizi, wenye sebene na ngoma nyingi, kwa sauti ya wastani. Wakati unalia, waya utikiswe taratibu karibu na jeki na karibu na masikio. Sauti ikikatikakatika hata mara moja, kifaa kirudi mezani. Mikrofoni ijaribiwe kwa kupiga simu fupi.

Jambo la mwisho ni mpira wa sikio. Ekuteri za ndani ya sikio huja na mipira ya ukubwa tofauti, midogo, ya kati na mikubwa. Mpira usioziba vizuri huua besi yote, na watu wengi husema ekuteri ni mbaya kumbe wamevaa mpira usiowafaa. Asiyepata besi abadilishe mpira kwanza.

Kila mfuko na chaguo lake

Mwenye dola 5 au pungufu achukue ekuteri ya waya yenye mipira ya kuziba sikio, asiangalie jina, aangalie waya na kujaribu kama ilivyoelezwa. Kwa kiasi hicho, zisizo na waya zisiguswe kabisa.

Mwenye dola 10 hadi 20 anaingia mahali pazuri. Anaweza kupata ekuteri ya waya ya kampuni inayojulikana, kwa mfano Oraimo, ambayo ni ya kundi la Transsion linalotengeneza pia Tecno, Itel na Infinix. Anaweza pia kupata kaske nyepesi ya waya. Sony MDR-ZX110, kwa mfano, huuzwa ng'ambo kwa bei ya kiasi hicho. Mwenye ndugu Ubelgiji au Afrika Kusini anaweza kumwomba, na kuepuka nakala za sokoni.

Anayesikiliza zaidi nyumbani afikirie kaske. Hapa kuna chaguo kati ya zilizofungwa na zilizo wazi. Zilizo wazi hutoa sauti pana na haziletei masikio joto, lakini kila mtu chumbani atasikia wimbo. Kwa nyumba ambamo watoto wanalala katika chumba hicho hicho, au jenereta ya jirani inanguruma usiku kucha, iliyofungwa ndiyo inayofaa.

Mwenye dola 30 au zaidi, anayeishi mjini na mwenye umeme wa kutosha, anaweza kununua zisizo na waya za kampuni ya kweli, katika duka linalotoa risiti na dhamana ya maandishi. Bila dhamana hiyo, pesa zake zina usalama zaidi kwenye waya.

Sikio haliuzwi sokoni

Bei ya ekuteri mbaya hailipwi kwa franka peke yake. Kifaa kisichoziba sikio humlazimisha msikilizaji kupandisha sauti ili kushinda kelele za taksi-basi, za jenereta na za mabafle ya barani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Kanuni ambayo OMS ilitoa mwaka 2019 pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano inaweka kikomo kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa mtoto desibeli 75.

Tofauti ya desibeli chache si ndogo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Simu nyingi zinaweza kupita desibeli 100 zikifunguliwa mpaka mwisho, na kwa kiwango hicho muda salama ni wa dakika, si wa saa. Madhara hayaumi siku ya kwanza. Huanza kwa mlio mwembamba masikioni usiku, kisha mtu anaanza kuwauliza wenzake warudie maneno. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Kipimo rahisi kipo: sauti isipite asilimia 60 ya nguvu ya simu, na mtu aliye umbali wa mkono asisikie wimbo unaotoka masikioni mwako. Kuazimana ekuteri, desturi ya kawaida kati ya marafiki, kunahitaji angalau kupangusa mipira, kwa maana uchafu na magonjwa ya sikio husafiri nayo. Na kwa waendesha pikipiki, wale wewa wa mjini, ekuteri barabarani ni hatari ya namna nyingine: lori linalopiga honi nyuma halisubiri wimbo uishe.

Kinachobaki kwa serikali

Mnunuzi mwenye uangalifu hawezi kufanya kila kitu peke yake. Kongo ina Ofisi ya Udhibiti, OCC, iliyopewa kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia, na Kasumbalesa ndiyo mlango wake mkubwa kusini. Ukaguzi huelekea zaidi kwenye vyakula, dawa na mafuta, na hiyo ni haki. Lakini chaja na betri zisizo na kiwango zinaweza kuwaka moto, nazo zinapita katika magunia yale yale yanayobeba ekuteri. Kuanza na betri, kwa kudai jina la kweli la mtengenezaji liandikwe, kungekuwa hatua ndogo yenye faida kubwa.

Mpaka hapo, ulinzi wa mtu wa Mitwaba uko katika dakika kumi anazotumia mbele ya meza ya muuzaji kabla ya kupanda lori: wimbo wake mwenyewe, mkono unaotikisa waya, na sikio linalosikiliza pande zote mbili. Muuzaji anayekataa mteja ajaribu ameshajibu swali.